Kabla Moto Haujawashwa: Maamuzi ya Familia Inayochagua Kuchoma Mwili wa Marehemu

NAIROBI – Familia inayozika inaweza kukosea na bado ikapata njia ya kurekebisha. Kaburi lililochimbwa mahali pasipofaa huweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama, msalaba ulioandikwa jina vibaya hubadilishwa, na mtoto aliyefika akiwa amechelewa hupata mahali pa kusimama na kulia. Familia inayochoma mwili haina nafasi hiyo ya pili. Kwa sababu hiyo, maswali ambayo katika mazishi ya kawaida huweza kusubiri wiki au hata miezi, hapa hulazimika kujibiwa kabla mwili haujatoka katika chumba cha kuhifadhia maiti.

Uchomaji wa maiti si jambo geni nchini. Desturi hiyo ililetwa na Wahindu na Masingasinga waliofika Afrika Mashariki kabla na wakati wa ujenzi wa reli, kazi iliyoanza mwaka 1896, na hadi leo jumuiya hizo ndizo zenye uzoefu mkubwa zaidi katika shughuli hii. Jijini Nairobi, mahali panapojulikana zaidi ni Kariokor, mtaa ambao jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tanuri la umma liko Lang'ata, karibu na makaburi ambayo yalitangazwa kuwa yamejaa tangu miaka ya 1990. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, usimamizi wa makaburi, nyumba za maiti na matanuri ya kuchomea maiti ni jukumu la serikali za kaunti. Huko ndiko mwananchi anapopaswa kuuliza kwanza kuhusu ada na utaratibu wa tanuri la umma.

Watu mashuhuri waliochagua njia hii wameifanya izungumzwe waziwazi. Manasses Kuria, aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana nchini, alichomwa mwaka 2005, miaka michache baada ya mkewe. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, alichomwa Kariokor mwezi Oktoba 2011 baada ya mazishi ya kitaifa. Mwanasiasa Kenneth Matiba alifuata mwaka 2018 huko Lang'ata, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kampuni ya Safaricom, Bob Collymore, alichomwa Kariokor siku moja tu baada ya kufariki. Siku moja ni muda mfupi mno kwa familia ambayo haijawahi kulizungumzia jambo hili. Haraka ya namna hiyo huwezekana pale ambapo marehemu alisema mapema na walio karibu naye wakamsikia.

Nani mwenye kauli

Chanzo kikubwa cha mivutano si gharama wala dini, bali ni swali la nani anayeamua. Wananchi wengi hudhani kwamba wosia ulioandikwa na marehemu hufunga mjadala. Sivyo ilivyo. Mahakama nchini zimeshikilia kwamba mwili wa marehemu si mali inayorithiwa wala kuachwa kwa wosia kama shamba au gari. Matakwa yake huzingatiwa na hupewa uzito, lakini hayana nguvu ya kisheria iliyo sawa na ile ya mgawanyo wa mali.

Kesi ambayo bado hutajwa katika kila mzozo wa aina hii ni ile ya wakili Silvanus Melea Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa bila kuzikwa kwa karibu miezi mitano hadi Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi mwezi Mei 1987. Kesi hiyo ilihusu kaburi, si moto, na maamuzi ya miaka ya karibuni yametoa uzito zaidi kwa waliokuwa karibu na marehemu katika maisha yake, yaani mwenzi wa ndoa, watoto na wazazi. Hata hivyo, funzo lake la kivitendo halijabadilika: ndugu mmoja mwenye wakili anaweza kusimamisha kila kitu.

Kwa jamii nyingi za Kenya, mzozo huo una mizizi mirefu. Kaburi katika boma ni alama ya ukoo na, machoni pa wengi, ni ushahidi wa umiliki wa ardhi. Mzee anayeambiwa kwamba mwanawe atachomwa mjini hasikii habari ya njia tofauti ya mazishi. Anasikia kwamba mwanawe hatarudi nyumbani. Familia zilizovuka kikwazo hiki bila kwenda mahakamani mara nyingi zilitenganisha mambo mawili: moto ufanyike mjini kama marehemu alivyotaka, kisha majivu yapelekwe bomani na kuzikwa kwa heshima zote, pakiwa na jiwe lenye jina na siku ya watu kukusanyika. Mzee hupata kaburi, na marehemu hupata alichoomba. Pendekezo hilo hufaa kutolewa mapema, kabla ndugu hawajaanza kuchukua misimamo mbele ya watu.

Anayetaka kuchomwa hufanya vyema kuandika matakwa yake, kuwataja kwa majina watakaoyasimamia, na zaidi ya yote kuyatamka mbele ya wale wanaoweza kupinga. Karatasi inayofunguliwa baada ya mazishi haimsaidii mtu.

Stakabadhi

Mwili hauwezi kuchomwa bila kibali, kama ambavyo hauwezi kuzikwa bila kibali. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka kila kifo kiarifiwe na kusajiliwa. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali ndiyo hutoa taarifa; kikitokea nyumbani, familia hupitia kwa naibu wa chifu wa eneo hilo. Hapo hutolewa kibali cha mazishi, ambacho wasimamizi wa tanuri watakidai kabla ya kupokea mwili. Cheti cha kifo huombwa baadaye, na huduma hiyo sasa inapatikana kupitia jukwaa la eCitizen. Familia hushauriwa kuhakikisha mapema kwamba majina yaliyo katika kibali yanalingana na yale ya kitambulisho. Herufi moja iliyokosewa huweza kuchelewesha bima, pensheni na mirathi.

Kifo kilichotokana na ajali, shambulio au sababu isiyojulikana ni jambo la polisi kwanza, na uchunguzi wa maiti hufanywa kabla ya kibali kutolewa. Hata pale ambapo sheria haidai uchunguzi, familia yenye shaka yoyote juu ya chanzo cha kifo, au yenye bima inayoweza kuhitaji maelezo ya daktari, inapaswa kuuomba kabla ya moto. Mwili uliozikwa unaweza kufukuliwa na kuchunguzwa. Majivu hayasemi lolote.

Hali ni hiyo hiyo kwa vinasaba. Joto la tanuri huviharibu kiasi kwamba majivu hayatumiki kuthibitisha uzazi. Iwapo kuna mtoto ambaye nasaba yake huenda ikabishaniwa katika kesi ya mirathi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, sampuli inapaswa kuchukuliwa na kuhifadhiwa na maabara mapema, familia zote zikifahamu. Ni jambo la aibu kulitaja katika kikao cha matanga, na ndiyo maana mara nyingi halitajwi. Gharama yake huja miaka miwili au mitatu baadaye, mtoto anaposimama mahakamani bila ushahidi na watu wazima waliokuwa na nafasi ya kuupata wakiwa wamekaa kimya.

Upande wa imani

Uislamu hauruhusu kuchoma mwili wa Mwislamu, na makanisa ya Kiorthodoksi kwa jumla hupinga. Katika Uhindu moto ndiyo desturi, ingawa watoto wachanga kwa kawaida huzikwa. Kanisa Katoliki liliondoa katazo lake mwaka 1963, lakini waumini wengi hawajui masharti yaliyoandamana na ruhusa hiyo: maelekezo ya mwaka 2016 yanataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, kama makaburini au kanisani, na yasitawanywe hewani, majini au ardhini. Ufafanuzi wa Desemba 2023 uliacha nafasi ya sehemu ndogo kuhifadhiwa mahali penye maana kwa marehemu, kwa idhini ya kanisa. Makanisa mengine ya Kiprotestanti hutofautiana. Familia iulize kiongozi wake wa dini kabla ya kutangaza ratiba, kwani mchungaji anayekataa kuongoza ibada siku moja kabla ya shughuli huacha jeraha lisilopona upesi.

Kuuandaa mwili

Kuna kifaa kimoja ambacho ni lazima kitajwe kwa wahudumu: kile cha kurekebisha mapigo ya moyo kinachopandikizwa kifuani. Betri yake hulipuka katika joto la tanuri na huweza kumjeruhi mhudumu na kuharibu mtambo. Daktari au mhudumu wa maiti hukiondoa kwa mpasuo mdogo. Vyuma vya nyonga au goti havina hatari hiyo; huachwa na kuondolewa katika majivu baadaye.

Pete, mikufu na saa zivuliwe na kukabidhiwa kwa mtu anayejulikana, kwa maandishi. Anayetaka marehemu aondoke na pete yake ya ndoa ajue kwamba hataipata tena ikiwa pete. Nguo zisiwe na vifungo vikubwa vya chuma wala viatu vyenye soli ya mpira, ambavyo hutoa moshi mzito.

Jeneza ni eneo ambalo familia nyingi hupoteza fedha bila sababu. Jeneza la mvule lenye vioo, vishikio vya shaba na vanishi nzito huenda likakataliwa kabisa au likavuliwa mapambo yote mlangoni. Mahali pengine mwili hupokewa katika sanda au katika jeneza jepesi la mbao laini. Profesa Maathai, aliyetumia maisha yake kutetea miti, hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, na jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi. Familia inaweza pia kukodi jeneza la ibada ya kumuaga marehemu na kuhamishia mwili katika jeneza rahisi kabla ya moto. Kabla ya kulipa chochote kwa muuza majeneza, simu moja kwa wasimamizi wa tanuri huokoa fedha nyingi.

Siku yenyewe

Uchomaji wa kuni katika jukwaa la wazi na ule wa tanuri lenye mafuta, gesi au umeme ni shughuli mbili tofauti. Katika ule wa kwanza, kilo mia kadhaa za kuni huhitajika, familia hushuhudia moto ukiwashwa, na majivu hukusanywa siku inayofuata. Tanuri hufikia nyuzi joto kati ya 760 na 980 hivi, na mwili wa mtu mzima huchukua takribani saa moja na nusu hadi saa tatu, bila kuhesabu muda wa kupoa. Anayetoka mbali aelezwe mapema kwamba huenda asipewe majivu siku hiyo hiyo.

Hofu inayowasumbua wengi, ingawa wachache huitamka, ni kupewa majivu ya mtu mwingine. Kinga yake ya kawaida ni kibao kidogo cha chuma chenye nambari, ambacho huingia motoni pamoja na mwili na kutoka pamoja na majivu. Familia ina haki ya kuuliza iwapo utaratibu kama huo unatumika, kuandika nambari hiyo, na kuomba mwakilishi mmoja ashuhudie mwili ukiingizwa. Kuuliza si kumtuhumu mhudumu.

Kinachotoka si majivu laini kama yale ya jikoni. Ni vipande vya mifupa ambavyo husagwa hadi vikafanana na mchanga mkavu wenye rangi ya kijivu hafifu au nyeupe. Kwa mtu mzima uzito wake huwa kilo mbili hadi tatu hivi. Kwa mtoto mchanga kiasi ni kidogo mno, na wazazi waambiwe hivyo kabla, kwa upole, wasije wakadhani kuna kilichopotea.

Chombo

Makosa mengi huanzia hapa, kwa sababu familia huchagua chombo kwa sura yake kabla haijaamua majivu yatakwenda wapi. Chombo cha shaba kilichong'arishwa hupendeza sebuleni lakini ni mzigo usio na maana kwa familia itakayotawanya majivu baharini wiki inayofuata. Mwisho wa safari ndio unaochagua chombo.

Ukubwa hukadiriwa kwa urahisi: mililita 36 kwa kila kilo ya uzito aliokuwa nao marehemu. Mtu wa kilo 70 huhitaji chombo cha lita mbili na nusu hivi; wa kilo 90, zaidi kidogo ya lita tatu. Kopo la rangi la lita nne linaweza kutumiwa kama kipimo cha macho: chombo kinacholingana nalo humtosha karibu kila mtu mzima. Ni afadhali chombo kiwe kikubwa kidogo kuliko kuwa kidogo, kwani hakuna binti anayepaswa kusimama akiwa na mfuko wa mabaki ya baba yake asijue autie wapi.

Mdomo wa chombo uwe mpana. Kibuyu au chungu chenye shingo nyembamba ni kizuri kukitazama, lakini kukijaza ni kazi inayotia simanzi. Kifuniko cha kukaza kwa kuzungusha kinafaa ikiwa majivu yatatolewa au kugawanywa baadaye. Cha kugundishwa kinafaa ikiwa hayataguswa tena. Ndani, majivu yabaki katika mfuko mzito uliofungwa, wenye karatasi ya jina, tarehe na nambari ya tanuri. Jina likiwa nje ya chombo tu hufutika, na chombo chenyewe huweza kupasuka.

Si lazima chombo kiagizwe kutoka ng'ambo. Seremala yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kutengeneza kasha la mbao kwa siku mbili. Mafundi wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, huchonga vyombo vyenye vifuniko kutokana na jiwe laini la eneo hilo. Ni vizito na vya kudumu vikikaa mahali pamoja, ingawa jiwe hilo huchubuka kwa urahisi likibebwa huku na kule. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi kinafaa kwa kuzikwa, kwani hurudi ardhini taratibu. Kwa majini, chombo cha karatasi nzito au cha chumvi kinachoyeyuka ndicho kinachofaa, na kisitiwe plastiki ndani.

Pale majivu yanapokwenda

Anayetawanya majivu asimame upepo ukitoka nyuma yake, akiinamisha chombo chini karibu na magoti, na watoto wakae upande huo huo wa upepo. Ni jambo dogo, lakini kumbukumbu ya majivu yaliyorudi usoni mwa waombolezaji haifutiki. Katika shamba la mtu, hifadhi ya wanyama au msitu wa serikali, ruhusa iombwe kwa mwenye mamlaka ya mahali hapo.

Wengi hutaka kupanda mti juu ya majivu. Wazo hilo ni jema, ila majivu ya mifupa yana chumvi nyingi na ukali unaoweza kuunguza mizizi ya mche mchanga. Yachanganywe na udongo mwingi wenye mboji, na yawekwe mbali kidogo na shina.

Familia ikitaka kugawana, igawane mbele ya wote na iandike nani amechukua kiasi gani. Chombo kinachobaki nyumbani kiwe na mtu mmoja anayekiwajibikia, na ajulikane atakayekipokea baada yake. Vyombo vingi hupotea mtunzaji anapohama, anapoolewa tena au anapofariki, wala si kwa sababu ya wizi.

Wakenya wanaofariki Marekani, Uingereza au Ghuba huleta swali jingine. Kusafirisha mwili kwa ndege ni ghali, na familia kadhaa huchagua kuchoma huko na kuleta majivu nyumbani, mahali ambapo tanuri linaruhusiwa. Chombo hicho kibebwe mkononi, si katika mzigo unaopakiwa chini ya ndege. Kiwe cha mbao, karatasi au plastiki, kwa kuwa mashine ya ukaguzi haioni ndani ya chuma au jiwe zito. Maafisa wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani hawafungui chombo cha majivu hata familia ikiomba wafungue. Kisichoonekana ndani hakipiti. Msafiri awe na cheti cha kifo, cheti cha tanuri kinachothibitisha kwamba mwili ulichomwa, na nakala za vyote viwili katika mfuko tofauti. Aulize pia shirika la ndege na ubalozi kuhusu masharti ya kila nchi ambayo atabadilishia ndege. Chombo cha heshima, cha jiwe la Tabaka au cha shaba, kinaweza kumsubiri nyumbani.